Picha ya Mshonaji: Nilivyomtafuta Mpiga Picha Halisi

Kikundi chetu cha kujitolea kilipoamua kuchapisha kitabu cha picha kuhusu kazi za mikono, mimi nilipewa jukumu la kuhakikisha kwamba kila picha imeletwa na mtu aliyeipiga mwenyewe. Nyingi zilipita bila shida. Moja ilinichukulia muda mwingi kuliko nyingine zote kwa pamoja, nayo ilikuwa ya mshonaji mzee akitunga uzi kwenye sindano kando ya dirisha. Ilipigwa kutoka nyuma kidogo ya bega lake la kushoto, cherehani ikiwa mbele yake na mwanga ukiangukia vidole viwili vilivyoushika uzi. Tulikwisha kukubaliana kwamba itakaa jaladani. Kisha mwenzetu mmoja akaipitisha kwenye Google Lens, chombo cha kutafuta kwa kutumia picha, akaikuta katika tovuti ya mtu mwingine kabisa, juu ya makala yenye tarehe ya 2017, ilhali aliyetuletea alikuwa ameandika kwamba aliipiga mwaka 2019.

Kabla hata hatujakutana, ujumbe ulikwisha kuzungushwa kwa wajumbe wote wa kamati ukiwa na viungo viwili na neno moja: mwizi. Wapo waliotaka picha zote za mtu huyo ziondolewe siku hiyo hiyo, na yupo aliyependekeza tuviandikie vikundi vingine tunavyoshirikiana navyo ili vijihadhari naye. Niliomba tusubiri. Sikuwa na sababu ya kumtetea mpiga picha huyo, kwa kuwa sikumfahamu zaidi ya barua pepe alizotuandikia, lakini nilijua kwamba tulichokuwa nacho mkononi kilithibitisha jambo moja tu, yaani kwamba picha hiyo ipo mahali pawili. Nani alitangulia, nani alichukua kwa nani, au kama wote wawili waliitoa kwa mtu wa tatu, hayo yalikuwa bado hayajajulikana. Jina la mpiga picha likishachafuliwa miongoni mwa wahariri halisafishiki kwa ujumbe mmoja wa kuomba radhi. Nalisema hili mapema kwa sababu sehemu ngumu kuliko zote katika kazi hii haikuwa ya kitaalamu. Ilikuwa ni kuwazuia watu wema waliokasirika wasitamke neno kabla ya wakati wake.

Nilianza kwa kuhifadhi kila kitu jinsi kilivyokuwa. Nilipiga picha za skrini zinazoonyesha ukurasa mzima pamoja na anwani yake na tarehe ya siku hiyo, nikapakua faili ya picha kutoka kila mahali nilipoikuta, nikayaacha majina ya faili bila kuyabadilisha, kisha nikaiomba Wayback Machine, ile hazina ya kurasa za zamani inayoendeshwa na Internet Archive, inase nakala ya ukurasa ule. Anayefanya kazi hii asiiruke hatua hiyo hata akiwa na haraka, maana mwenye tovuti akishapata fununu kwamba anachunguzwa anaweza kuifuta picha au kuweka nyingine, nawe ukabaki na maneno matupu. Picha ya skrini peke yake haitoshi pia. Hiyo huonyesha kilichoonekana, ilhali faili yenyewe hubeba ukubwa wake, jina lake na wakati mwingine taarifa nyingine ambazo utakuja kuzihitaji.

Kutafuta kwa kutumia picha badala ya maneno ndilo lango la uchunguzi wenyewe, na watu wengi hulifungua mara moja tu kisha wakaondoka. Mwenzetu alikuwa ametumia chombo kimoja. Mimi niliipitisha picha kwenye Google Lens, Bing, Yandex na TinEye, kwa kuwa kila kimoja kinaifikia sehemu yake ya intaneti na kina tabia zake. Google Lens huanza kukuletea vitu vinavyofanana na vilivyomo pichani, yaani vyerehani vingine na wazee wengine, na ni lazima uende kwenye sehemu ya picha zinazolingana kabisa ndipo upate nakala za picha yako. Yandex ni hodari wa sura na mandhari. TinEye, iliyoanza mwaka 2008, haishughuliki na vinavyofanana bali hutafuta nakala za picha ile ile hata ikiwa imepunguzwa, imekatwa pembeni au imebadilishwa rangi, na hukuruhusu kuyapanga matokeo kuanzia la zamani zaidi au lenye ukubwa mkubwa zaidi. Nilirudia utafutaji kwa picha nzima, kisha kwa kipande cha dirisha peke yake, kisha kwa vidole na sindano, kwa sababu nakala iliyokatwa sana hupatikana kwa urahisi zaidi ukitafuta kwa kipande kinachokaribiana nayo.

Katika tarehe kuna mtego. Tarehe ambayo TinEye huiandika pembeni ya tokeo ni siku ambayo roboti yake, yaani programu inayozipitia kurasa za intaneti yenyewe, ilikutana na picha hiyo kwa mara ya kwanza, wala si siku picha ilipowekwa hapo, sembuse siku ilipopigwa. Picha inaweza kukaa miaka katika ukurasa mdogo wa mpiga picha bila roboti yoyote kuiona, huku nakala yake iliyowekwa katika tovuti kubwa ikionekana upesi, na matokeo yake aliyeiba akatokea juu ya orodha kana kwamba ndiye wa kwanza. Ukikosa tokeo lolote, hilo nalo si uthibitisho wa umiliki, kwa maana vyombo hivi havioni ndani ya akaunti zilizofungwa, wala makundi ya WhatsApp, wala vitabu vilivyopo kwenye karatasi tu.

Utafutaji wangu wa kwanza ulileta machache kuliko nilivyotegemea. Ndipo nilipoziweka picha mbili kando kwa kando, ya mpiga picha wetu na ya tovuti ile, nikaona jambo ambalo sote tulikuwa tumelipita: moja ilikuwa imegeuzwa, kushoto kuwa kulia. Hila hii ina historia. Mwaka 2017 BBC Brasil ilifichua kisa cha mtu aliyejiita Eduardo Martins, aliyekuwa akijitangaza kama mpiga picha wa vita kutoka Brazili na kufuatwa na watu zaidi ya 100,000 kwenye Instagram. Picha alizodai kuwa ni zake zilikwisha kuchapishwa na vyombo vya habari vya kuheshimika. Ilibainika kwamba alikuwa akiiba picha za wapiga picha wengine, akiwemo Mmarekani Daniel C. Britt, na kuzigeuza upande ili zisipatikane kwa urahisi zinapotafutwa. Nami nilipoigeuza faili yetu kwa programu ya kawaida ya simu na kuitafuta upya, orodha ya nakala ilirefuka sana. Ni kazi ya sekunde chache, na kwa maoni yangu hakuna uchunguzi uliokamilika bila kuifanya.

Swali likawa ni ipi iliyogeuzwa. Penye maandishi jibu huonekana mara moja, lakini katika picha hii hapakuwa na herufi hata moja. Nilitazama vifungo vya shati, navyo vilikuwa vimefichwa na mikunjo. Kilichonisaidia ni cherehani. Gurudumu ambalo mshonaji hulizungusha kwa mkono hukaa upande wake wa kulia, na sindano hukaa kushoto. Kwa kuwa picha ilipigwa kutoka nyuma ya bega, anayeitazama anaelekea kule kule anakoelekea mshonaji, hivyo gurudumu linapaswa kuonekana kulia. Katika picha tuliyoletewa lilikuwa kulia, na katika ile ya tovuti lilikuwa kushoto. Vitu vya namna hii havikosekani ukivitafuta kwa utulivu: namba za saa ya ukutani, kitufe cha kupigia picha kwenye kamera aliyoishika mtu, upande wa barabara wanaopita magari mahali panapojulikana.

Nilifarijika, ila faraja hiyo niliiwekea mpaka. Gurudumu lilithibitisha kwamba nakala ya tovuti ilitokana na picha nyingine. Halikuthibitisha kwamba picha hiyo nyingine ni ya mpiga picha wetu, kwani naye angeweza kuwa ameichukua mahali pengine ikiwa haijageuzwa. Watu wengi huishia hapa, wakidhani kwamba kumwondolea mmoja umiliki ni kumpa mwingine.

Ilibaki ile tarehe ya 2017. Niliifungua Wayback Machine na kuutafuta ukurasa ule katika miaka iliyopita. Nakala iliyonaswa mwaka 2018 ilikuwa na makala ile ile, kwa maneno yale yale, lakini juu yake palikuwa na picha ya mkasi na nyuzi za rangi. Mshonaji hakuwepo. Kumbe tarehe iliyotushtua ilikuwa ya maandishi, na picha ilikuja kubadilishwa baadaye bila tarehe kuguswa. Kuna tahadhari moja ambayo haisemwi vya kutosha: ukurasa unaoonyeshwa na hazina hii hukusanywa kwa vipande, na picha iliyomo inaweza kuwa ilinaswa siku tofauti na maandishi yanayoizunguka. Kwa hiyo niliifungua picha peke yake na kusoma tarakimu 14 zilizomo katika anwani yake, ambazo hutaja mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde ya kunaswa. Zilikuwa za 2018 kweli. Kama tungeishia kwenye tarehe iliyoandikwa juu ya makala, tungekuwa tumemhukumu mtu kwa kosa la mfumo wa tovuti.

Sasa ilinibidi nizungumze na mpiga picha wetu, na hapo ndipo nilipopata uzito mkubwa moyoni. Namna yoyote utakayomwuliza mtu kama picha yake ni yake, atasikia tuhuma. Baada ya kuandika na kufuta nilimtumia maneno haya: “Habari za leo, ndugu. Kabla ya kitabu kwenda kwa mpiga chapa tunathibitisha asili ya kila picha. Picha yako ya mshonaji tumeikuta pia katika tovuti nyingine bila jina lako, na tungependa kukulinda wewe pamoja na kitabu. Je, unayo faili ya awali, au picha ulizopiga kabla na baada ya hiyo?” Jibu lilichelewa, na lilipokuja lilikuwa fupi: “Niliwapa picha yangu bure, na sasa naulizwa kama ni yangu.” Kumbe ule ujumbe wa kwanza wa kamati ulikwisha kumfikia kupitia rafiki.

Nilimpigia simu. Sikumficha kilichotokea wala sikuwatetea wenzangu. Nilimweleza tulichokikuta, nikamwambia kuhusu gurudumu na ile makala ya 2017, na nikamwomba asinitumie faili yake ghafi bali anionyeshe tu kwenye skrini kwa simu ya video. Jambo hili ni la msingi kwa yeyote anayefanya uchunguzi wa aina hii. Faili ghafi, ile inayotoka kwenye kamera kabla ya kuchakatwa, ndiyo hati ya umiliki ya mpiga picha, na kumtaka amkabidhi mgeni ni kumwomba jambo ambalo mwenye busara hulikataa. Akikataa, usihesabu kukataa kwake kuwa ni kukiri. Nakala ndogo za picha jirani, au kuonyeshana skrini, hutosheleza.

Alichonionyesha kilimaliza mjadala. Picha yetu ilikuwa katikati ya mfululizo. Katika iliyotangulia mshonaji ameulowesha uzi midomoni; katika inayofuata uzi umekwisha kupita na vidole vinauvuta upande wa pili; baada ya hapo ameinua uso na kutazama kamera, pengine kwa kusikia mlio wake. Kivuli cha fremu ya dirisha kinasogea kidogo mezani kutoka picha moja hadi nyingine. Na katika zote, juu upande wa kulia ambako ukuta ni mweupe, kuna doa dogo hafifu mahali pale pale, alama ya vumbi lililokaa kwenye kihisi cha kamera. Doa hilo lilikuwa limefutwa katika picha ya mwisho aliyotutumia, lakini lilikuwepo katika picha zake nyingine za wiki hiyo, za mahali tofauti kabisa. Mwizi anaweza kuiba picha moja nzuri. Kupata picha zisizo nzuri zilizoizunguka ni shida kubwa kwake, na ndiyo sababu siku hizi huziulizia hizo kwanza.

Faili zile zilikuwa pia na taarifa za EXIF, mfumo ulioanzishwa nchini Japani mwaka 1995 ambao huifanya kamera iandike ndani ya faili aina ya kamera na lenzi, tarehe na saa, mwendo wa shata, na wakati mwingine hata namba ya kamera yenyewe. Programu ya ExifTool ya Phil Harvey huzisoma zote bila malipo. Nashauri zitumike kama nyongeza, zisitumike kama msingi. Tarehe inaweza kuhaririwa kwa amri moja, saa ya kamera huwa haikurekebishwa mara nyingi kuliko tunavyodhani, na picha ya filamu iliyoskaniwa hubeba tarehe ya kuskaniwa tu, ambapo cha kuulizia ni negativu. Kwa upande mwingine, kukosekana kwa taarifa hizo si dalili ya wizi, kwa kuwa Facebook, Instagram na WhatsApp huziondoa picha inapopakiwa. Panapofaa kushuku ni pale mtu anapodai kuwa na faili ya awali, kisha anachokuletea kina upana wa pikseli 1080, ambao ndio upana wa Instagram, au jina linaloanza na FB_IMG, ambalo simu hulipa picha iliyopakuliwa kutoka Facebook, au lenye herufi WA zikifuatwa na namba, ambazo ni za WhatsApp.

Kuna kanuni ya zamani inayosema kwamba nakala iliyokatwa haiwezi kuwa na kingo zaidi ya chanzo chake, kwa hiyo mwenye picha pana zaidi ndiye aliye karibu na asili. Katika faili ghafi mkasi ulionekana mzima juu ya kizingiti cha dirisha. Katika nakala ya tovuti ilibaki ncha yake tu. Kanuni hii bado ina nguvu, ila haitoshi tena peke yake, kwa kuwa tangu 2023 hata Photoshop inaweza kubuni kingo ambazo kamera haikuziona, na programu nyingine za akili mnemba huikuza picha ndogo mpaka ikawa kubwa kuliko ile ya awali. Nakala moja niliyoikuta ilikuwa na pikseli nyingi kuliko ya mpiga picha wetu, na mjumbe mmoja alidhani hiyo ndiyo asili. Tuliikuza pamoja hadi kwenye sindano. Katika picha halisi uzi unaingia kwenye tundu na ncha yake iliyochanguka inaonekana upande wa pili. Katika nakala ile uzi unakomea hewani, sindano haina tundu kabisa, na mistari ya kucha za mshonaji imepotea. Programu ilikuwa imebuni kile ambacho pikseli chache hazikukibeba. Mahali pa kutazama ni pale penye vitu vyembamba, yaani nyuzi, nywele, maandishi madogo na mifumo ya vitambaa.

Picha nyingine ya kitabu hicho hicho ilitufundisha kinyume chake. Ilikuwa ya mafundi wakiunda boti, na utafutaji ulileta picha ya mpiga picha mwingine iliyofanana nayo kiasi cha kutisha: mafundi wale wale, mashua ile ile, mawingu yale yale. Nilipima nafasi kati ya ncha ya mlingoti na kilima kilichokuwa mbali nyuma yake. Katika moja mlingoti uliigusa kingo ya kilima, katika nyingine ulikuwa umeachana nayo kwa upana wa kidole. Mabadiliko hayo hayawezi kupatikana kwa kukata wala kugeuza picha. Hutokea pale picha mbili zinapopigwa kutoka mahali pawili. Walikuwa wapiga picha wawili waliokuwepo siku moja, na hakuna aliyemkosea mwenzake.

Baada ya umiliki kuthibitika, mwenyewe aliniomba nimsaidie kufuatilia nakala. Nilimwandikia mwenye tovuti kwa adabu, nikimwuliza alikoipata picha bila kumtisha, naye akajibu vizuri. Alipokuwa akiipamba upya tovuti yake aliichukua kutoka hazina moja ya picha za bure, yenye leseni ya kutumia bila malipo, na alikuwa na kiungo cha kuthibitisha. Kiungo kilitupeleka kwenye akaunti yenye jina la kawaida la mtu na mkusanyiko wa ajabu: milima yenye theluji, harusi, wadudu waliopigwa kwa karibu sana, viwanja vya michezo vikiwa na umati, kila picha ikiwa na ukubwa wake na mtindo wake, na hakuna hata moja yenye taarifa za kamera. Mpiga picha halisi huwa na mazoea, lenzi anazozipenda na mahali anaporudi. Mkusanyiko usio na mazoea yoyote unapaswa kumshtua mhariri.

Hapo niliona jinsi picha iliyoibwa inavyotakaswa. Mtu asiyejulikana anaipakia mahali pa bure, anaipa leseni, na kuanzia hapo kila anayeichukua anaichukua kwa nia njema. Lakini asiye na haki hana leseni ya kutoa, na nia njema ya aliyepokea haiifanyi leseni hiyo kuwa halali. Mashirika makubwa nayo yamenaswa. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, Daniel Morel alizipandisha picha zake kupitia Twitter, mtu mwingine akazinakili na kujifanya ni zake, na shirika la habari la AFP likazisambaza kwa jina la mtu huyo, zikapita pia Getty Images, kampuni inayouza picha. Morel alilazimika kupambana mahakamani hadi 2013, ambapo baraza la wazee wa mahakama mjini New York lilimpa dola milioni 1.2. Carol Highsmith naye, mpiga picha Mmarekani aliyeikabidhi Maktaba ya Bunge la nchi yake maelfu ya picha zake ili watu wazitumie bure, aliletewa barua ya kudaiwa dola 120 kwa kutumia picha aliyoipiga yeye mwenyewe. Visa hivi nilivisoma kwa wajumbe wa kamati neno kwa neno, kwa sababu walidhani kwamba jina kubwa chini ya picha ni uthibitisho.

Kisheria msimamo wa mpiga picha ulikuwa mzuri kuliko alivyodhani. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, ambao nchi nyingi duniani zimeuridhia, hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi bila kusajiliwa popote, na mkataba huo unalinda pia haki ya kutajwa kuwa mtunzi. Kwa kuwa hazina ile hufuata sheria ya Marekani ya 1998 inayofahamika kama DMCA, aliandika taarifa ya kuomba picha iondolewe. Taarifa hiyo inataka mambo mahususi: kuitaja kazi yako, anwani kamili ya mahali nakala ilipo, mawasiliano yako, tamko kwamba unaamini kwa nia njema kuwa matumizi hayo hayana ruhusa, tamko kwamba taarifa ni sahihi na kwamba, kwa adhabu ya kiapo cha uongo, wewe ni mwenye haki au wakala wake, na sahihi. Kwa sababu ya kiapo hicho sikuituma mimi; iliandikwa na mwenyewe. Aliyepakia akipinga, na mwenye haki asifungue kesi, picha inaweza kurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi, hivyo ni vema kuzifuatilia tarehe. Katika shauri letu hakuna aliyepinga. Akaunti iliondolewa yote, na mwenye tovuti akaweka jina la mpiga picha chini ya picha baada ya kupewa ruhusa.

Gharama yetu haikuwa ndogo. Tulipoteza zamu kwa mpiga chapa, kitabu kikachelewa, na mwenzetu aliyeandika neno lile la kwanza alilazimika kumwandikia mpiga picha kuomba radhi, jambo alilolifanya kwa unyofu ambao ninauheshimu. Hata hivyo mpiga picha aliturudishia ruhusa ya picha moja tu, ya mshonaji, na nyingine alizotupa mwanzoni akaziondoa. Sikumlaumu. Kurasa zile tulizijaza kwa picha za wengine, lakini kila nikikifungua kitabu naona mahali zilipotakiwa kukaa.

Sasa fomu yetu ya kupokea picha inamwomba kila mtu, anayefahamika na asiyefahamika, atuletee pamoja na kila picha nakala ndogo za picha mbili jirani zake, na aliyetumia simu alete faili kama ilivyotoka kwenye simu bila kupitishwa WhatsApp. Kwa kuwa ombi ni la wote, hakuna anayejisikia kushukiwa. Shaka yoyote huandikwa kwa mtu mmoja tu mwenye jukumu hilo, wala haizungushwi kwa kamati kabla hajamaliza. Nakala za picha ya mshonaji bado zipo katika tovuti nyingi, nyingine zikiwa zimegeuzwa na nyingine zikiwa na ile sindano isiyo na tundu. Mwenyewe ameamua kuzifuatilia zile tu zinazouzwa au zilizowekwa jina la mtu mwingine, nami humtumia kiungo kila ninapokutana na mojawapo.